Sabuni ya kuogea kwa ngozi inayopauka: ununue ipi?

Malalamiko yanayonifikia kila kipupwe ni yaleyale: "Dada, napaka losheni asubuhi, ikifika saa nne miguu imeshapauka. Ninunue losheni gani?" Kabla ya losheni, niambie unaogea nini.

Harufu na povu siongelei, hayo utayajua mwenyewe dukani. Kisichoangaliwa na mtu ni pH, kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni kinyume cha uchachu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH karibu 5, na bakteria wake wameuzoea. Staphylococcus epidermidis, kwa mfano, hutoa kimeng'enya kinachoisaidia ngozi kupata seramidi, yale mafuta yanayoziba nafasi kati ya seli ili maji yasipotelee hewani. Hata Cutibacterium acnes, tunayemjua kwa chunusi tu, huvunja mafuta ya ngozi yakawa asidi zinazoulinda uchachu huo. Sasa sabuni ya kipande ya kawaida ina pH 9 hadi 10. Ukijisugua nayo asubuhi na jioni, uchachu unapungua, utengenezaji wa seramidi unazorota, na Staphylococcus aureus, msumbufu wa wenye ukurutu, anapata upenyo. Lawama anabebeshwa losheni.

Karatasi za kupimia pH zipo kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Yeyusha kipande cha sabuni kwenye maji ya chupa, chovya, subiri kidogo. Nyingi nilizopima zilitoa bluu iliyokolea, yaani pH ya juu, ikiwemo moja yenye picha ya kichanga anayecheka.

Namba moja, na upendeleo wangu sifichi, ni Sebamed ya kipande. Ni ya Wajerumani, iko sokoni tangu 1967, si sabuni kwa maana ya kawaida, na pH 5.5 imeandikwa wazi kwenye boksi. Povu lake dogo, bei yake inauma. Mimi nakata kipande katikati, nusu naiweka pakavu isilowe ovyo.

Namba mbili ni Dove isiyo na manukato. Nayo si sabuni ya kawaida. pH yake iko karibu 7, na unaipata hadi duka la mtaani. Kagua maandishi ya boksi, feki zipo.

Namba tatu, Cetaphil ya maji. Nzuri, ila kwa bei ile sioni sababu ya kuiacha Dove.

Za bei nafuu: sabuni ya mche ibaki kwenye nguo. Mfuko ukibana, paka sabuni makwapani, kinenani na miguuni tu, kwingine maji yanatosha. Kisha mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka kabisa.

Zile za "kuua vijidudu 99.9%" sizipi namba. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku triklosani, kiambato cha kuua vijidudu, na vingine 18 katika sabuni za kunawia na kuogea, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba viambato hivyo ni salama kwa matumizi ya kila siku na vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Huku kwetu ukisema ngozi imekauka, muuzaji anakushikisha hiyohiyo ya kuua vijidudu, halafu anakuongezea losheni ya "probiotiki", yaani ya bakteria wazuri, ya bei ya kodi ya chumba, ambayo mara nyingi ndani yake hamna bakteria aliye hai. Mmoja nilimuuliza pH ya sabuni aliyonishikisha. Akageuka kutazama rafu, akasema, "Hiyo bado haijaingia, dada, labda Jumatatu."