Siku 3 za Mafunzo kwa Waandishi wa Mapishi Mtandaoni
Kambi hii iliwakusanya washiriki 12 tu, na uchache huo ndio uliokuwa nguvu yake, kwa kuwa kila mmoja alipata muda wa kutosha na mkufunzi. Somo la upigaji picha lilinigusa zaidi: tuliweka bakuli la supu kando ya dirisha, tukazima taa zote, kisha tukasimamisha karatasi nyeupe upande wa pili ili kupunguza kivuli, na mvuke ambao taa ya dari ilikuwa ikiuficha ukaonekana waziwazi. Somo la mikataba ya matangazo, ambalo wengi wetu tulilihitaji mno, lilipewa nusu saa pekee, jambo lililonisikitisha. Hata hivyo nitajiandikisha tena, hasa kwa ajili ya jiko lile tulimopika na kukosoana kwa upole hadi usiku.