Vifaa vya kuvuta shingo na mgongo nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Shingo yangu ilianza kukaza Januari moja, msimu wa sare za shule, wakati fundi cherehani hainui kichwa tangu asubuhi hadi taa ziwashwe. Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachouzwa kwa jina la "kunyoosha uti wa mgongo", na vingine nimeshavigawa. Navipanga hapa kuanzia ninachokiamini hadi nisichokitaka ndani ya nyumba yangu.

Wazo lenyewe ni la kale: vuta pingili ziachane kidogo, neva iliyobanwa ipate nafasi. Enzi za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, mgonjwa alifungwa kwenye ngazi akatikiswa. Nafuu ipo, hasa shingoni, lakini mara nyingi ni ya saa chache. Kiunoni hali ni ngumu zaidi. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 32 yakakuta kuvuta kunaleta tofauti ndogo au hakuna kabisa, na mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawaambia wahudumu wasitumie njia hii kwa maumivu ya kiuno. Ndiyo maana vifaa vya shingo nimeviweka juu.

1. Mto wa sponji wa kulalia shingo

Ni kipande chenye bonde la kuingiza shingo. Unalala chali dakika 5 hadi 10, uzito wa kichwa unafanya kazi yenyewe. Hakuna kamba wala pampu. Bonyeza kwa kidole gumba kabla ya kulipa: sponji nzuri inarudi taratibu, mbovu inabaki na shimo. Vile vya plastiki ngumu vyenye meno viache. Na kama huna hela mwezi huu, kunja taulo, lifunge kwa mipira miwili, ulale nalo wiki moja. Likikusaidia, ndipo ununue mto.

2. Kamba ya mlangoni na mfuko wa maji

Hiki ndicho kifaa cha kuvuta hasa, na ndicho ninachokitumia mkono unapoanza kufa ganzi. Kuna chuma cha kuning'iniza juu ya mlango, kapi, kamba, mkanda wa kidevu na kisogo, na mfuko wa maji upande wa pili. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo mzani hauhitajiki. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Ukikaa wima na kuweka kilo 3, kwa kweli unaipunguzia tu shingo mzigo wake. Anzia hapo. Kilo za juu zaidi akupangie mtaalamu wa fiziotherapia, na siku ya kwanza akuoneshe ukae ukiutazama mlango au ukiupa mgongo, maana pembe ya shingo inabadilika.

Sasa niseme kama fundi. Geuza mkanda uone ndani: uwe umeshonwa mara mbili, na pale unapoungana na pete kuwe na mshono wa msalaba ndani ya mraba. Niliopewa mara ya kwanza ulikuwa na mstari mmoja wa uzi, ukafumuka wiki ya pili. Pima pia mwanya juu ya mlango. Mlango wangu wa mbao huvimba wakati wa masika, chuma hakipiti. Halafu funga kwa ufunguo. Mjukuu wangu aliwahi kuusukuma nikiwa nimefungwa kidevu, taya likaniuma siku tatu.

3. Kola ya kujaza hewa

Unaipampu kwa kimpira kama cha mashine ya presha. Ni nyepesi, ya kusafiri nayo. Tatizo ni kwamba nyingi hazina kipimo, hujui inavuta kiasi gani, na inabana koo. Mzee aliyewahi kupata kiharusi asiiguse.

4. Tao la plastiki la mgongo

Linauzwa sana. Halivuti, linakukunja kinyumenyume tu. Vijana wa kukaa ofisini hulipenda. Mtu mzima ambaye miguu humlemea akitembea na kupata nafuu akiinama, litamzidishia.

Kabla sijafika cha mwisho: usinunue chochote hapa kama mguu au mkono unaishiwa nguvu, kama sehemu za siri zimekufa ganzi, au kama mkojo au haja kubwa inakutoka bila kujua. Hiyo ni hospitali leo hii. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo navyo vinataka picha na vipimo, maana kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia, na pingili iliyoliwa haivutwi. Wajawazito, wenye mifupa iliyolika na wenye baridi yabisi waulize kwanza daktari.

5. Meza ya kupinduka

Unafungwa vifundo vya miguu, kichwa kinashuka chini. Damu inapanda usoni, na presha ya mwili na ya macho inapanda nayo, kwa hiyo wenye maradhi hayo wasahau. Inakula nafasi ya kitanda, na inataka mtu wa pili wa kukurudisha. Jirani yangu anayo. Mumewe alipokwenda dukani kununua vocha, alikaa miguu juu akiita hadi mimi nikasikia.