Hukumu au Riwaya: Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda

Anayetaka kuyaelewa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 aanze na hukumu ya mahakama au na riwaya? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanyia kazi zake Arusha katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC), ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, mwaka 1998, na hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ikatambua pia kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Nguvu yake ni kwamba ushahidi ulihojiwa na pande zote mbili, hivyo anayekanusha mauaji hukabiliwa na kumbukumbu iliyopimwa.

Hata hivyo, hukumu hujibu swali la hatia ya mshtakiwa tu, na humo shahidi aliyefichwa jina kwa usalama wake hubaki herufi tu. Riwaya humpa jina, japo la kubuni, pamoja na jiko lake na jirani aliyemsaliti. Kwa maoni yangu, msomaji wa kawaida aanze na riwaya, kisha aikague kwa hukumu, kwa kuwa kalamu nayo ina historia yake: mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, kwa uchochezi wa mauaji hayo.