Kabureta ya Kunakili ya Zenith 36IV kwa Land Rover Series III: Inafaa, Ila Ikaguliwe Kabla ya Kufungwa

Kabureta ya Zenith 36IV ndiyo iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za Series III za petroli zenye injini ya silinda 4 ya sentimita za ujazo 2,286, na ndiyo inayolaumiwa kila gari linapozimika kwenye foleni au linapotoa moshi mweusi. Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kwa hiyo kabureta za asili zinazoendelea kufanya kazi zimekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na bisibisi yake. Ile ya Land Rover yangu ya 109, yaani ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli, ilikuwa na ufa kwenye sikio la bolti, mahali ambapo kuchomelea hakushauriwi, na hivyo nikalazimika kutafuta nyingine. Niliyoipata ni mpya ya kunakili, yaani imetengenezwa kwa kufuata umbo la ile ya asili bila kuwa na jina la Zenith ubavuni.

Niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, ambako maduka yanayouza spea za Land Rover yapo, ingawa shehena yao kubwa ni ya Defender na Discovery, na anayeulizia Series huelekezwa kwa wafanyabiashara wachache wenye kumbukumbu nzuri na stoo ndefu. Muuzaji aliyenihudumia anastahili sifa, kwa kuwa kabla ya kutaja bei alitaka kujua kama injini ni ya silinda 4 au 6. Swali hilo si la kupoteza muda: baadhi ya 109 zilitoka kiwandani na injini ya silinda 6 ya lita 2.6, nyingine zikawa na V8, na injini hizo hazitumii kabureta hii. Series IIA za mwanzo, toleo lililotangulia Series III, nazo zilikuwa na kabureta ya Solex, ambayo baadhi ya wauzaji huichanganya na Zenith kwa kuwa zote mbili zina koo moja la kupitisha hewa.

Nilikuwa nimefikiria njia nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kuagiza Uingereza, ambako wauzaji wa vipuri vya Series hawajapungua. Lakini kwa kifurushi kidogo kinacholetwa kwa ndege, nauli inaweza kukaribia bei ya kifaa chenyewe, na bado kuna ushuru wa forodha. Ya pili ilikuwa mtumba kutoka kwenye magari yaliyokatwa. Mtumba ni rahisi kwa bei, lakini karibu kila kabureta niliyoonyeshwa ilikuwa na mhimili uliolegea wa kipepeo, yaani kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa: ukiushika mkono wa aksereta na kuutikisa, unasikia unacheza ndani ya tundu lake. Hewa inayopenya hapo hairekebishiki kwa skrubu yoyote, na anayenunua kabureta ya namna hiyo amenunua tatizo lilelile alilolikimbia.

Ile ya kunakili ilinivutia hasa kwa sababu ya mhimili wake, ambao haukuwa na mchezo wowote. Bodi yake imemiminwa vizuri, nyuzi za bomba la petroli zinashika vizuri, na boksi lilikuwa na gasketi ya chini. Kasoro zilianza kuonekana nilipoifungua, na kila anayeinunua ninamshauri aifungue, hata kama fundi wake ana haraka. Zenith 36IV, ya asili na ya kunakili, ina udhaifu mmoja unaojulikana: uso ambapo kifuniko cha juu hukutana na kipande chenye jeti (vitundu vya kupimia petroli) usipokuwa sawasawa, petroli huvuja ndani kwa ndani na injini hupokea mafuta mengi kuliko inavyohitaji, hasa ikiwa inanguruma gari likiwa limesimama. Niliweka rula ya chuma juu ya uso huo na kuona mwanga ukipita katikati. Dawa yake ni kutandika msasa laini juu ya kioo na kuusugua uso polepole kwa mwendo wa duara, hadi rangi ya chuma ilingane kotekote. Humo humo kuna pete ndogo ya mpira, oringi, isiyofika ukubwa wa kifungo cha shati. Iliyokuja na kabureta hii ilikuwa ngumu na imebapa, nami niliitoa na kuweka nyingine kutoka kwenye boksi la kukarabatia kabureta ambalo nililinunua pamoja nayo. Kifaa kinachouzwa kuwa kipya hakipaswi kuwa na oringi ya namna hiyo, na hapo mtengenezaji ninampunguzia alama bila kusita.

Kuifunga ni kazi nyepesi: nati mbili za chini, bomba la petroli, bomba dogo la mvuto linaloelekea kwenye distributa, waya wa choki na fimbo za aksereta. Kwenye fimbo hizo ndipo tulipokwama, kwa sababu mkono uliokuja na kabureta ulikuwa umepinda kwa pembe tofauti kidogo na ule wa zamani, na kipepeo hakikufunguka kikamilifu hata kanyagio likigusa sakafu. Fundi aliuhamisha mkono wa kabureta ya zamani, ukaingia bila kulazimishwa. Ndiyo maana mtu asikubali kumwachia muuzaji kabureta yake mbovu kwa kupunguziwa bei, hata kama imepasuka.

Kabla ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli tulihakikisha pointi za distributa zina nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 na plagi zina 0.75, kwa kuwa moto dhaifu huiga ugonjwa wa kabureta kiasi cha kumdanganya hata fundi mzoefu. Skrubu ya mchanganyiko tuliifunga hadi mwisho bila kuikaza, tukaifungua kama mzunguko mmoja na nusu, kisha tukaiongeza kidogo kidogo injini ikiwa imepata joto, hadi mngurumo ukatulia.

Tangu hapo gari linawaka asubuhi kwa choki ya muda mfupi, halizimiki kwenye foleni ya Mandela, na harufu ya petroli iliyokuwa ikiingia hadi ndani imekwisha. Ulaji wa mafuta haujawa mdogo kwa namna ya kujivunia. Series III haikubuniwa kwa ajili ya mtu anayehesabu lita. Wanaotaka nafuu ya mafuta huweka kabureta ya Weber 34ICH, ambayo ni rahisi kurekebisha, lakini koo lake ni jembamba zaidi na gari lenye mzigo huusikia upungufu huo mlimani. Ushauri wa kubandika kabureta ya Toyota niliusikia mara nyingi na sikuufuata, kwa kuwa unadai kutengeneza kitako na fimbo mpya, na atakayekuja kulitengeneza gari hilo baadaye hatakuwa na kitabu cha kumwongoza.

Kwa mwenye bodi iliyopasuka au mhimili uliolegea, ninaipendekeza kabureta hii, mradi aihesabie bei ya boksi la kukarabatia na nusu siku ya fundi mwenye subira. Mwenye Zenith ya asili ambayo mhimili wake bado umekaza hana sababu ya kuinunua: boksi la kukarabatia, kipande cha kioo na msasa vitamtosha, na vyote vinapatikana Gerezani kwa sehemu ndogo ya bei niliyolipa.