Sting-Ray ya kuungaunga au baiskeli ya kromoli?

Mbio za BMX, zile za baiskeli ndogo kwenye njia ya udongo yenye vilima vya kuruka, zilianzia Kusini mwa California, na watoto wa mwanzo hawakuwa na baiskeli ya mbio. Walikuwa na Schwinn Sting-Ray, iliyotoka mwaka 1963: matairi ya inchi 20, usukani mrefu, kiti kirefu kama ndizi. Scot Breithaupt alipoanza kuandaa mashindano Long Beach mwaka 1970, akiwa bado kijana mdogo, ndizo zilizojaa mstarini.

Kabla ya mbio ilivuliwa mapambo: madigadi chini, kifuniko cha mnyororo chini, kile kiti kinatupwa. Breki ilikuwa ya kurudisha pedeli nyuma, basi. Uzuri wake ni kwamba ilikuwepo nyumbani tayari. Ubaya ulionekana ukiruka kilima: baiskeli nzito ikitua, uma wa mbele unapinda, spoku zinalegea, na ringi inayumba kama chapati. Unarudi nyumbani ukiikokota, baba anakusubiri mlangoni.

Katikati ya miaka ya 1970 zikaja baiskeli na vipuri vya mbio hasa. Linn Kastan wa kampuni ya Redline alitengeneza uma wa mabomba ya kromoli, aina ya chuma imara kisichopinda ovyo. Kampuni ya Mongoose nayo ikaleta Motomag, magurudumu ya kumimina yasiyo na spoku. Mazito kiasi, lakini hayapindi.

Kwa ushindi, kromoli, sina ubishi. Ila ilitaka pesa ya mzazi. Sting-Ray ilitaka spana tu, na kwa kujifunza ufundi ningemkabidhi mtoto hiyo kwanza.