Uzoefu wangu na kihariri cha bloku cha WordPress: jedwali safi, ujumbe wa kipuuzi

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, na idadi ya nyota nitakazotoa bado siijui. Naihudumia tovuti ya chama cha ushirika wa kahawa huku Karagwe, ambayo kazi yake kubwa ni kutangaza bei za kahawa maganda na tarehe za minada, ili mwanachama asije akauza kwa mlanguzi kwa kukosa taarifa tu. Tangazo likichelewa nusu siku, simu yangu haipumui.

Kwa miaka mingi tuliandika kwa kihariri cha zamani cha WordPress, programu tunayoiendeshea tovuti, kile cha sanduku moja jeupe lenye safu ya vitufe juu yake. WordPress 5.0 ilipotoka tarehe 6 Desemba 2018 ikiwa na kihariri cha bloku, yaani cha kuunda ukurasa kipande kwa kipande, tulijificha nyuma ya programu-jalizi ya Classic Editor, nyongeza inayokirudisha kihariri cha zamani, kama walivyofanya mamilioni ya wenzetu. Wakati ule ilitangazwa kwamba programu-jalizi hiyo ingehudumiwa hadi mwisho wa 2021, kisha muda ukasogezwa, na hadi leo ipo kwenye tovuti zaidi ya milioni 5, kwa hiyo waliopokea mabadiliko haya shingo upande si wanaushirika wa Karagwe peke yao. Wapo hata walioichukua WordPress ya kabla ya bloku wakaiendeleza kivyao kwa jina la ClassicPress. Sisi tulihama msimu uliopita, na wala si kwa mapenzi: thimu mpya, yaani sura ya tovuti, tuliyokwisha kuilipia ilitaka bloku, na fedha ya ushirika ikishatoka hairudi bila kikao.

Siku za mwanzo zilikuwa adhabu. Kila aya ni bloku, kila kichwa cha habari ni bloku, picha nayo ni bloku. Ukibonyeza Enter umeanzisha bloku nyingine, na ukitaka kushuka mstari tu ndani ya aya ileile lazima ushikilie Shift. Upau wa vitufe hujitokeza ukiigusa bloku na kutoweka ukianza kuandika, jambo lililonifanya nidhani kwamba nimefuta kitu. Kihariri chenyewe hufunguka kikiwa kimetanda kwenye skrini nzima, utaratibu ulioanza na toleo la 5.4 mwaka 2020, kikafunika menyu ya kushoto niliyoizoea, na ilinichukua muda kufahamu kwamba nembo iliyo kwenye kona ya juu ndiyo inayokurudisha ulikotoka.

Hata hivyo, sitakuwa mnyimi. Mkono ulipozoea, nilianza kukipenda. Unaandika alama ya mkwaju mwanzoni mwa mstari mtupu, unaongeza herufi chache za jina la bloku unayoitaka, nayo inakuja bila kugusa kipanya. Maelezo ya saa za kupokea kahawa ghalani, ambayo zamani niliyarekebisha ukurasa kwa ukurasa, sasa yamo ndani ya bloku moja iliyohifadhiwa na kutumika kote, hivi kwamba nikibadilisha saa mahali pamoja zinabadilika kila zilipo. Na jedwali! Zamani nikinakili bei kutoka Excel na kuzibandika, zilikuja na rangi zake, fonti zake na mapana yake, na kwenye simu ya mwanachama safu ya bei ilikuwa inatoka nje ya kioo. Sasa nabandika na bloku ya jedwali inajiunda yenyewe, safi, ikibeba tarakimu na mistari tu, na kwa kuwasha swichi moja pembeni safu ya juu inakuwa vichwa. Siku nilipoliona jedwali hilo nilimwita mhasibu aje alitazame, nikawa tayari kutoa nyota 5.

Basi ikafika siku ya kuamkia mnada. Jioni hiyo niliandika tangazo refu: tarehe, ghala litakalofunguliwa, masharti ya unyevu wa kahawa, na jedwali la bei za minada iliyotangulia ili wanachama walinganishe. Nikabofya kitufe cha kusasisha. Kitufe kikazunguka kidogo, kikarudi kilivyokuwa, na juu ya ukurasa ukatokea mstari wenye ukingo mwekundu unaosema kwamba kusasisha kumeshindikana kwa kuwa jibu lililopokelewa si JSON halali (JSON ni mtindo wa kupanga data ambao programu hutumia kuzungumza). Ujumbe wote ulikuwa ni huo. Haukusema jibu hilo limetoka kwa nani, nani aliuliza, wala mimi nifanye nini. Nilibofya tena na tena, nikabadilisha kivinjari, nikaongeza bando nikidhani mtandao umelegea, na mstari ule ukaendelea kunikodolea macho. Mradi wa kihariri hiki Matt Mullenweg, mwanzilishi mwenza wa WordPress, na wenzake waliuita Gutenberg, kwa jina la Mjerumani aliyeanzisha Ulaya uchapaji wa herufi za kuhamishika katika karne ya 15. Yule bwana wa Mainz angalau aliweza kutazama karatasi akajua kama imechapwa au haikuchapwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba maandishi yalikuwa pale mbele yangu, mazima, na hayakuwa na pa kwenda. Niliogopa kufunga ukurasa. Mwishowe nilifungua menyu ya nukta tatu, nikachagua kunakili maudhui yote, nikayabandika kwenye Notepad, na hapo ndipo nilipoona jinsi kihariri hiki kinavyoihifadhi kazi yako: jedwali langu lilikuwa limezungushiwa alama za wp:table, kila aya imezungushiwa alama za wp:paragraph, zote zimefichwa kwa mtindo wa maoni ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ambayo msomaji wa tovuti hayaoni. Usiku huo tangazo lilikwenda kwa ujumbe wa simu, kwa vipande, kwa wale tu ambao namba zao ninazo. Wasiokuwemo walifika ghalani wakiwa na bei ya mtaani kichwani, na lawama zilinijia mimi.

Kesho yake niliiandikia kampuni inayotupangishia seva, ambayo sitaitaja. Alinijibu kijana mmoja wa huduma kwa wateja: "Mzee wangu, hiyo ni WordPress, sisi hatuhusiki." Nikamweleza kwa adabu kwamba tangazo fupi la mistari miwili linapita ila lenye jedwali linakataa, kwa hiyo huenda kuna kitu njiani kinacholizuia. Akaandika: "Rudini kwenye ile ya zamani mzee, hii mpya inataka watu wa kompyuta." Halafu akaifunga tiketi. Mimi nilianza kutengeneza kurasa za tovuti wakati yeye bado anavuka barabara kwa kushikwa mkono, lakini hilo sikumwandikia, nililimeza.

Jibu nililipata ndani ya WordPress yenyewe. Kwenye menyu ya zana kuna ukurasa wa afya ya tovuti, ambao watu wengi hawaufungui kabisa, na humo kulikuwa na onyo kwamba REST API, mlango ambao programu hupitia kuzungumza na tovuti, imekumbana na hitilafu, pamoja na msimbo 403, yaani seva imekataza. Hapo kisa kizima kikaeleweka. Kihariri cha zamani kilituma tangazo kama fomu ya kawaida na ukurasa ukajifungua upya. Hiki cha bloku huzungumza na seva chinichini, kikituma na kupokea vifurushi vya JSON kupitia anwani ya wp-json. Ngome ya ulinzi ya seva ikiitilia shaka sehemu ya maandishi, inayazuia na kurudisha ukurasa wa katazo wa HTML, na kihariri kilichosubiri JSON kinabaki kimeduwaa na kumwambia mtumiaji habari za JSON. Kwa maneno mengine, jedwali langu lilikamatwa getini na askari wa kampuni ileile iliyoniambia haihusiki.

Niliwatumia picha ya onyo hilo. Alijibu mtu mwingine, dada mwenye lugha ya heshima, akaomba radhi, akalegeza kanuni moja ya ngome yao kwa ajili ya tovuti yetu, na kabla sijamaliza chai tangazo lilipita. Kwa hiyo nilikaa kuandika tathmini hii nikiwa nimeelekea nyota 4 kwa kihariri na sifuri kwa kampuni ya seva. Niliona si haki kukiadhibu chombo kwa kosa la mwenye geti.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyokosa subira na kihariri pia. Programu iliyofikia hatua ya kunisomea kiwango cha afya ya tovuti yangu kwenye ukurasa mwingine inashindwaje kuniambia palepale, kwa maneno ya kawaida, kwamba seva imezuia ombi na kwamba nimpelekee mwenye seva msimbo 403? Taarifa ilikuwepo. Ilifichwa mahali ambapo mtu aliyebanwa na saa hawezi kufikiria kwenda. Katibu wa ushirika wa kijijini asiye na mtu wa kumuuliza angeishia kufanya alichoambiwa na yule kijana: angerudi kwenye kihariri cha zamani akiamini kwamba yeye ndiye mjinga.

Nilikuwa nimefikia hapa, nikiwaza kati ya nyota 3 na 4, nilipoacha kuandika ili niweke tangazo la wiki hii. Limekataa. Jedwali lilelile, mstari mwekundu uleule, JSON ileile. Nimekwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa afya ya tovuti na 403 imerudi. Bila shaka kampuni imesasisha seva na kanuni tuliyolegezewa imekazwa tena bila kutuarifu. Safari hii nimeshanakili maudhui yote, nimeshafungua tiketi, na nimemtaka yule dada kwa jina. Mkataba wetu wa mwaka ukiisha tunahama, hilo mwenyekiti amekwisha kuliridhia.

Kihariri kinapata nyota 2, na zote mbili ni za jedwali.