Tela la ekseli mbili la mafundi wa Mbeya: chuma kizuri, breki za kuulizia

Matela ya ekseli mbili yanayochomelewa Mbeya yanafaa kwa anayehamisha eskaveta ndogo, rola la kusukuma au mashine ya zege kutoka saiti hadi saiti. Chaneli ni nene, springi za majani zinapatikana kila mahali, na likivunjika hutasubiri kifaa kutoka Dar. Lakini rangi mpya huficha mengi, na barabara za huku hazisamehi.

Anza na uzito. Fundi akisema "linabeba tatu na nusu", muulize tatu na nusu ya nini. Mara nyingi anamaanisha tela pamoja na mzigo. Tela tupu la aina hii lina kilo 900 hivi, kwa hiyo zinabaki 2,600. Eskaveta ya tani 1.7, daraja la Kubota U17, inaingia vizuri pamoja na baketi za ziada na dumu la dizeli. Ya tani 2.7 imeshapita, hata kama inatosha kwenye bodi.

Kisha inama usome tairi. Karakana nyingi hufunga tairi kuukuu za gari dogo. Tairi yenye namba ya mzigo 88 inabeba kilo 560, nne ni kilo 2,240: hazifikii hata eskaveta na tela. Dai 195R14C yenye namba 106, kilo 950 kila moja. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Shingo, chuma cha mbele kinachounga tela na gari, ndiyo sehemu ya kulala chini uitazame. Shingo nzuri inapita chini ya bodi hadi kwenye kishikio cha springi ya mbele. Mbaya imechomelewa usoni mwa chaneli ya mbele tu, na hapo ndipo nyufa huanza: utaona mstari mwembamba wa kutu unaopasua rangi. Angalia na bolu, tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kifuniko cha shingo hukaa juu yake. Kifuniko cha milimita 50 kikikaa juu ya bolu ya 47.6 kitaonekana kimefunga, halafu kwenye tuta kinaruka. Minyororo miwili ya akiba ipishane chini ya shingo, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami.

Sakafu tunaipendekeza ya mbao za Mafinga za inchi mbili, si bati la nundu. Rola la chuma juu ya bati lililoloa linateleza kama sabuni. Mbao huoza, kweli, lakini ubao mmoja unabadilishwa kwa nusu saa.

Rampu ndipo wengi wanapobania pesa. Bodi ikiwa sentimita 55 kutoka chini, rampu ya mita 1.5 inakupa mwinuko wa nyuzi 21 na kitu. Ya mita 2.1 inashuka hadi 15, na eskaveta ndogo inapanda bila kunyanyua pua. Agiza ndefu.

Kupakia: gari na tela viwe vimeungana, mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, magogo kwenye matairi. Weka vipande vya mti chini ya mkia wa tela. Mashine inapofika ukingoni uzito wote uko nyuma. Bila vipande hivyo shingo inanyanyua nyuma ya pikapu, matairi yanapoteza mshiko, na vyote viwili vinaanza kuteremka. Kwangua tope la Tukuyu kwenye cheni za eskaveta kabla ya kupanda. Dereva afunge mkanda, baketi iwe chini chini, mwendo wa konokono. Kama haijanyooka, ashuke aanze upya. Kukata kona juu ya rampu ndiyo njia ya haraka ya kuipindua.

Mzigo ukae wapi? Shingo ibebe karibu asilimia 10 ya uzito wote. Tela na mzigo vikiwa kilo 2,900, shingo iwe na 290 hivi. Mizani ya viazi ya kilo 500, kama zilizojaa Uyole, inatosha kupima: weka gogo juu yake hadi urefu wa bolu, shusha shingo, soma. Ikipungua sana, sogeza mashine mbele nusu hatua. Tela lenye uzito nyuma litatikisa mkia ukishuka Mlima Nyoka, na hapo dawa ni kuachia mafuta taratibu, si kukanyaga breki.

Funga kwa minyororo minne ya milimita 8 daraja la 80, kila mmoja na kikazio chake, kwenye fremu ya chini. Usifunge kwenye mkono wala karibu na mipira ya haidroliki. Baketi ilale juu ya ubao, nayo ipate mnyororo wa tano.

Sasa breki, lalamiko letu kubwa. Matela mengi huja na breki za kusukuma, zinazoshika tela linapolisukuma gari, kwenye ekseli moja tu, na kishikio cha shingo kisicho na shokomzoba. Mteremko mrefu kama Kitonga, tela linasukuma gari muda wote, kwa hiyo breki hizo zinashika muda wote hadi dramu zinanuka. Lipia ekseli zote mbili, pamoja na lachi ya kurudi nyuma. Bila hiyo, kurudi kwenye kilima breki zinajifunga. Mvutaji naye awe na nguvu. Injini isiyo na tabo kama 1HZ, dizeli ya Land Cruiser, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 juu ya bahari, na Mbeya iko mita 1,700 hivi.

Ukitoka Mwanjelwa, simama Uyole: kaza minyororo, kisha gusa habu zote nne. Moja ikichoma na nyingine ni vuguvugu, breki yake imeng'ang'ania au beringi inakufa, na safari ya Makambako iishie hapo.